gdisk: jifunze kugawa diski bila kugusa diski yako

Assalam alaikum watazamaji wangu, mko salama? Niko Mwembe Tayari, Mombasa, na mezani nina laptopu ya mtumba, diski yake giga 128 tu. Leo nachambua gdisk, programu ya bure ya kugawa diski kwenye Linux, iliyoandikwa na Rod Smith.

Mimi kazi hii niliianza kwa hasara. Niliandika sda mahali pa sdb (ndiyo majina Linux huzipa diski), picha za harusi ya dada yangu zikapotea. Mpaka leo hainitoki moyoni. Kwa hiyo hapa hatugusi diski ya mtu.

Tazameni skrini. Naandika `truncate -s 3T diski.img`. Hilo ni faili tupu linalojifanya diski ya terabaiti 3, na nafasi halijala. Nikilifungua kwa fdisk, programu nyingine ya kugawa diski, kwa mtindo wa zamani wa jedwali, MBR, naonywa kuwa haivuki terabaiti 2. MBR huhesabu sekta za baiti 512 kwa namba za biti 32, hesabu inaishia hapo. Tena patisheni kuu, yaani vipande vya diski, ni 4 basi. GPT, mtindo mpya anaoutumia gdisk, hukupa 128.

Sasa `gdisk diski.img`. Bonyeza n kuunda patisheni mpya, kwenye sekta ya mwisho andika +1G, aina EF00, yaani patisheni ya kuwashia mashine. Hapo kwenye EF00 tutulie kidogo, maana wengi ndipo wanapokwama. BIOS ya zamani, programu ya ubaoni inayowasha mashine, ilichukua msimbo wa baiti 446 mwanzoni mwa diski ikauendesha, hata haijui ndani mna nini. UEFI, mrithi wake, inasoma FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili) yenyewe: inaingia patisheni hii, inatafuta faili la .efi, inaliwasha. Ndiyo maana GRUB na systemd-boot, programu za kuwashia Linux, zinaweza kukaa humo pamoja. Ukiisahau, Linux utaiweka yote na mashine ya UEFI isiwake. Na gdisk haiiumbi FAT32 hiyo. Kwenye diski ya kweli utamalizia na mkfs.vfat.

Mpaka ubonyeze w, hakuna kilichoandikwa. Ukiingiwa na shaka, q, unatoka salama.

Tukishaandika, tuiharibu makusudi, tufute sekta yenye kichwa cha GPT, yaani maelezo ya jedwali lake:

`dd if=/dev/zero of=diski.img bs=512 seek=1 count=1 conv=notrunc`

Hilo notrunc msiliache, wallahi, bila hilo faili linakatwa na nakala ya akiba inakwenda nalo. Fungua gdisk tena: inakuonya kichwa cha GPT kimeharibika, inachukua nakala iliyo mwisho wa diski. Bonyeza w. Patisheni zimerudi zote! MBR haina akiba kama hiyo, na kwangu hii peke yake yatosha kuiacha.

Kasoro ipo. Haina picha, ni herufi tupu, na alama ya ? ndiyo msaada wako. Kupunguza patisheni yenye mafaili haiwezi. Hapo tumieni GParted.

Mkivuruga, `rm diski.img`, undeni jingine. Diski ya laptopu iko vilevile.