Nilivyowatoa Wareno ndani ya paketi: uzoefu wangu na Medieval II: Total War

Gemu hii ni ya mwaka 2006, na laptopu yangu nayo si kijana, kwa hiyo zinaelewana. Unatawala kuanzia mwaka 1080 hadi 1530, unajenga miji, unaozesha binti za mfalme, unazingira ngome. Tatizo langu lilikuwa moja: ukianza kampeni kubwa unachagua katika madola 5 tu, na Ureno haimo. Mimi niliyelelewa Mji wa Kale, Mombasa, mpira tukiupiga chini ya kuta za Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno, nilitaka hao hao. Binamu yangu akacheka: “Wareno tena? Wa hapa hawakukutosha?”

Dawa yake ni ndogo. Katika faili ya descr_strat.txt unalihamisha neno portugal kutoka orodha ya unlockable (madola yaliyofungwa) hadi ya playable (unayoweza kuchagua), basi. Ila faili hiyo imo ndani ya mafaili makubwa ya .pack, yaani paketi ambamo gemu hufungasha mafaili yake, na kuyafungua kuna kifaa chake kabisa, faili ya maagizo iitwayo unpack_all.bat, kwenye folda ya unpacker ndani ya tools.

Nikabofya. Dirisha jeusi likafunguka, likafunga. Nikarudia, vilevile. Mara ya tatu nikachukua simu, nikairekodi skrini kwa video, kisha nikaisogeza video polepole hadi maneno yakasomeka: hairuhusiwi kuandika hapa. Kosa langu, gemu niliiweka ndani ya Program Files, na Windows huilinda folda hiyo.

Sawa, nikabofya kulia nikaiendesha kwa ruhusa ya msimamizi. Hapo ndipo jioni nzima ilipopotea, maana sasa ikalalamika haiioni hata unpacker.exe, programu yenyewe ya kufungua paketi, iliyo kando yake! Kumbe ukiiendesha hivyo, Windows huanzia System32, folda yake yenyewe, na maagizo ya ile bat yanasema “rudi folda mbili nyuma utaona packs”. Ni kama kumwelekeza mtoto kwa kuhesabu vichochoro vya Mji wa Kale, na yeye yuko Likoni, ng'ambo ya kivuko.

Kilichofaa: nikafungua cmd yenyewe, lile dirisha jeusi la kuandikia maagizo, kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika cd (agizo la kuhamia folda) na njia ya folda ya unpacker ndani ya alama za kunukuu, ndipo nikaiita unpack_all.bat. Majina ya faili yakaanza kuporomoka kama mvua ya masika. Acha nafasi ya gigabaiti kadhaa, na chaji iwe imejaa. Mimi stima ilipotea katikati, nikaanza upya. Ukiweza, iweke gemu nje ya Program Files tangu mwanzo, uepuke yote haya.

Bado mambo mawili. Futa descr_geography_new.txt na descr_geography_new.db zinazotokea ndani ya folda ya data ya gemu, la sivyo gemu huanguka. Halafu katika faili ya mipangilio, medieval2.preference.cfg, chini ya [io], andika file_first = 1, ili gemu isome kwanza mafaili uliyoyafungua. Hilo nililisahau, nikafungua gemu kwa mbwembwe, Wareno hawapo, kwa sababu ilikuwa bado inasoma zile paketi.

Gemu naipa nyota 5, safari ya kuifungua 3. Sasa niko Lisbon, hazina tupu, Wahispania mlangoni. Binamu ameuliza nitafika Mombasa lini. Nikamwambia ramani haifiki huku.

“Afadhali,” akasema.