Niliwaita waandae nyasi kwa baridi, wakazinyoa

Naanza na nyota mbili kwa kampuni hii ya kutunza nyasi, na zote ni za kijana wao aliyekuja na mashine ya kutoboa udongo. Kazi yake ilikuwa safi. Udongo wa uani kwangu ulishindiliwa na watoto msimu mzima wa joto, mvua ikinyesha maji yanatuama juu tu. Mashine yake ilichomoa vipande vya udongo kama vizibo vya chupa, akaniambia nisivizoe, vitavunjika vyenyewe na kurudi ardhini. Ni kweli kabisa. Matundu yale yanapitisha hewa na maji hadi mizizini, na mizizi ndiyo inayoivusha nyasi kipupwe. Siku ile ningewapa nyota tano bila kusita.

Baadaye wakaja wa kukata.

Nyasi za sehemu zenye theluji huachwa na sentimita 5 hadi 7 hivi katika mkato wa mwisho. Zikiwa ndefu mno, theluji inazilaza na ukungu unazishambulia kwa chini. Wala hukati zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkupuo. Niliwaandikia hayo kwenye fomu yao, palipoulizwa kama nina maelekezo. Nimerudi nyumbani uwanja umekuwa wa manjano. Nikapiga magoti nitazame vizuri: visiki vyeupe visivyozidi ukucha, na pale mashine ilipogeukia, kando ya ukuta, ni udongo mtupu. Vile vitako ambako majani huchipukia vimekwanguliwa, nyuzi za mizizi ziko nje. Nyasi huweka akiba yake ya chakula humo humo. Ukishakata kitako, shina hilo halichipui tena.

Nikapiga simu. Msimamizi hata salamu hakuitikia.

"Dada, nyasi ni nyasi tu. Theluji ikianguka utaziona wapi?"

Jamani! Mimi nimelipia hicho hicho kitakachokuwa chini ya theluji! Kama hajali kisichoonekana, anauza huduma ya kuandaa nyasi kwa baridi ili iweje? Nikameza hasira, nikamuuliza mapengo yale tutayazibaje. "Mwaga mbegu," akakata simu. Mbegu za kumwaga wakati gani, udongo umeshapoa? Hiyo ni kazi ya mwanzo wa vuli, ardhi ikiwa bado na joto, miche ipate kushika mizizi kabla ya jalidi. Sasa hivi nyingi hazitaota, na zitakazobahatika kuota zitaungua na baridi. Itabidi ningoje kipupwe kipite, na magugu yatakuwa yamewahi nafasi.

Nilisema nyota mbili. Nazifuta. Nyota moja, kwa kuwa sifuri hairuhusiwi, na hiyo ihesabiwe kuwa ya yule kijana. Ukiweza kumpata yeye peke yake, mchukue, hutajuta. Kampuni nzima iache.

Ilibaki zamu ya mbolea, nayo nimeikataa. Walipanga kuja ardhi ikiwa imeshaganda! Mbolea ya mwisho hutiwa nyasi zikiwa bado kijani, mizizi iweze kuifyonza. Ukiimwaga juu ya udongo ulioganda, theluji ikiyeyuka nyingi inasombwa mpaka mitaroni. Nimedai hela ya zamu hiyo, na ya mkato ule pia. Ujumbe wameusoma, hawajajibu.