Usukani wa Momo, adapta ya Japani na fundi wa Nyakato

Nianze na jibu kwa mwenye haraka: usukani wa Momo Prototipo wa milimita 350 ni mzuri kweli, adapta ya HKB ya Japani, kile kipande kinachouunganisha na gari, ni nzuri zaidi, na fundi aliyevifunga pale Nyakato, hapa Mwanza, ndiye aliyestahili pesa yangu kuliko vyote viwili. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye ngozi. Usibane kwenye adapta wala kwenye mkono wa fundi.

Gari ni Toyota MR2 ya 1994, ile ya viti viwili ambayo injini imekaa nyuma ya mgongo wa dereva. Injini yake ni 3S-GE, ukoo mmoja na 3S zilizomo kwenye Carina, Caldina na RAV4 za zamani, ndiyo maana naweza kuitunza hapa Mwanza bila kuuza kiwanja. Spea za injini zinapatikana. Taabu ni vitu vya ndani. Usukani uliokuja nao ulikuwa umechubuka ngozi hadi unaacha weusi viganjani, na jua la kwetu lilimalizia kilichobaki. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za boti kule Kirumba. Kutwa nzima mikono iko kwenye grisi na petroli. Jioni nikiingia kwenye gari nataka kushika kitu kinachoshikika.

Kabla ya kuzungumzia uzuri, tuzungumze saizi, kwa sababu hapo ndipo watu wanaponunua kwa macho. Usukani wa zamani niliupima nikapata kama milimita 370. MR2 zenye pawa stelingi hutumia pampu ya umeme iliyowekwa mbele, maana injini yenyewe iko nyuma. Kwenye gari langu aliyeniuzia alishaing'oa yote. Sasa stelingi isiyo na msaada inategemea upana wa duara unaloshika. Ukitoka 370 kwenda 350, mkono unadaiwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 6. Ukiwa kwenye mwendo husikii kitu, kwa sababu uzito mwingi wa MR2 uko nyuma na tairi za mbele hazijabeba sana. Utasikia ukipaki katikati ya mji, Barabara ya Kenyatta, gari limesimama na bajaji zinakupigia honi nyuma. Mimi ni mwanamke mwenye mabega ya kazi na bado nasikia. Anayetaka 320 kwa sababu ameiona inapendeza pichani, aazime kwanza gari la mwenzake aligeuze pale pale lilipo.

Usukani wa Momo haukai moja kwa moja kwenye shafti ya Toyota. Katikati inaingia adapta: nyuma ina meno yanayoshika meno ya shafti, mbele ina mashimo ya bolti sita. Mashimo ya Momo, Sparco na OMP yamepangwa kwenye duara la milimita 70. Ya Nardi na Personal ni milimita 74. Hizo milimita 4 zimewaliza wengi, kwa sababu ukiushika usukani mkononi huzioni, unaziona siku ya kufunga. Adapta yangu ina mashimo ya aina zote mbili, kwa hiyo siku nikitaka Nardi ya mbao sihitaji kununua nyingine.

Hii haikuwa adapta ya kwanza kufika mikononi mwangu. Duka moja liliniletea ya alumini, nikaambiwa inaingia Toyota zote. Nikaipachika kwenye shafti ya zamani niliyoiokota kwa muuza vyuma chakavu ili niione inavyokaa: ilikuwa inacheza. Si sana, lakini inacheza. Na kwa nyuma haikuwa na vile vipini viwili vinavyoisukuma indiketa irudi ukimaliza kona. Nikaikataa, na baada ya maneno mengi nikarudishiwa nusu ya pesa. Linaniuma mpaka leo, si kwa ajili ya hela. Meno hayo ndiyo pekee yanayounganisha mikono yako na tairi za mbele. Muuzaji anayekwambia kuchezacheza kidogo hakuna shida, anakuuzia ajali. Ile ya HKB ni ya chuma, imevikwa mpira mweusi wenye mikunjo, na meno yake yaliingia kwa kubana bila kulazimishwa. Vipini vya indiketa vipo, waya wa honi upo.

Sasa fundi. Gereji ya kwanza niliyokwenda, kijana alifungua mlango, akautazama usukani, akaenda kuchukua nyundo. Nikamshukuru, nikaondoka na gari langu. Shafti ya stelingi imeundwa ijikunje ajali ikitokea, isije ikamchoma dereva kifuani. Ukiipiga nyundo kwa mbele unaichosha kabla ya siku yake, na huwezi kujua imebakiwa na nini.

Mwenzangu wa Kirumba akanielekeza kwa mzee mmoja wa Nyakato ambaye ameshughulika na umeme na stelingi za Toyota tangu zile Corolla za zamani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mayu. Hilo limelala chini hivyo, matuta ya kwetu linayaweza?"

"Linayaweza yakiendewa taratibu, mzee."

Hakugusa spana. Alinituma nilisogeze gari mbele mpaka tairi zinyooke kabisa, akainama kuzitazama kwa mbele, ndipo akakubali nizime. Akatoa waya wa hasi wa betri, akaenda kuagiza chai. Mwongozo wa Toyota unataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kukata betri, kwa kuwa mfumo wa mfuko wa hewa (airbag) unabaki na akiba ya umeme wa kuulipua. Mzee alisubiri mpaka kikombe kikaisha. Nilipenda hivyo.

Kisha akafungua vifuniko vidogo vya pembeni, akatoa skrubu zenye kichwa cha nyota, akauvuta mfuko wa hewa taratibu na kuchomoa soketi yake ya njano. Aliubeba uso ukielekea mbali naye, akaulaza juu ya benchi kivulini, nembo ikitazama juu. Ukilazwa kifudifudi halafu ukalipuka, unaruka wote mzima mzima. Hakuruhusu mtu yeyote aupime kwa mita. Umeme mdogo wa mita unaweza kutosha kuuwasha.

Hapo sasa ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mwenye spana. Akachora mstari mweupe mmoja kutoka kwenye shafti hadi kwenye kitovu cha usukani. Akalegeza nati kwa soketi ya 19, lakini hakuitoa. Aliiacha imeshika thredi chache. Akafunga pula, kifaa cha kuvutia usukani utoke, kwa bolti mbili kwenye yale mashimo mawili ambayo Toyota wenyewe wameyaacha kwa kazi hiyo, akaikaza kidogo kidogo. Kikalia "tok", usukani ukaruka mbele na kusimamishwa na nati. "Ningeitoa yote, mayu, sasa hivi tungekuwa njiani kwenda hospitali ya Sekou Toure," akasema, akiwa ameshaanza kuifungua.

Nyuma ya usukani kuna kibweta chenye utepe wa waya unaojikunja na kujikunjua kila unapogeuza. Watu huuzungusha ovyo ukiwa wazi, halafu unakatika siku wanaporudisha usukani wa zamani. Yeye aliufunga kwa utepe wa karatasi wenye gundi mahali ulipokuwa, kabla hajafanya lolote jingine. Honi haikumsumbua: kwenye Toyota hii kitufe kinakamilisha tu njia ya kwenda bodi, waya ni mmoja. Alihakikisha chuma cha adapta kinagusana vizuri na shafti, akajaribu kwa taa ya majaribio, basi.

Nilikuja na toki renchi yangu ya kazini, spana inayopima nguvu ya kukaza, na hakuona vibaya. Aliisoma mwenyewe, akakaza nati ya katikati hadi nyutoni mita 35. Bolti sita za Momo alizikaza kwa mkono, akiruka kutoka moja hadi ya upande wa pili, kwa upole, maana ni nyembamba na hula thredi haraka.

Tulipolitoa gari barabarani usukani ulisimama umeinamia kulia. Akarudi, akaifungua tena, akaisogeza adapta jino moja, ikabaki tofauti ndogo sana. Hapo akakataa kuendelea: kilichobaki ni cha alaimenti, yaani kunyoosha tairi, kirekebishwe kwenye tairodi, zile fimbo zinazogeuza tairi za mbele, si kwa kuhamisha usukani. Ana haki. Jino moja ni hatua kubwa, na kulazimisha usukani unyooke wakati tairi hazijanyooka ni kujidanganya.

Usukani wenyewe ni hivi. Momo ilianzishwa Italia miaka ya 1960 na dereva wa mashindano, Gianpiero Moretti, na Prototipo inabaki na sura ya magari ya wakati ule: duara kamili, mikono mitatu ya chuma inayolishika duara, ya rangi ya fedha na yenye matundu, ngozi nyeusi. Unene wake unajaza kiganja bila kukichosha. Mshono uko upande wa ndani, vidole vinaukuta bila kukwaruzwa. Mwenye kuogopa bandia ageuze nyuma: halisi una saizi iliyogongwa kwenye chuma na namba ya idhini ya Ujerumani inayoanza na KBA. Waigaji nao hugonga namba, kwa hiyo tazama pia matundu. Kwenye wangu kingo za kila tundu ni laini. Kwenye bandia niliyoonyeshwa dukani kingo zilikuwa zinakata kidole.

Kuna mambo mawili nisiyoyapenda. Mimi ni mfupi, na duara dogo linafunika kipimo cha joto la injini. Kwenye gari lolote hilo ni kero. Kwenye MR2 ni hatari, kwa sababu rejeta iko mbele na injini nyuma, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari, na ukichelewa kuona mshale unapanda umechelewa kweli. Nimeinua stelingi juu na kusogeza kiti mpaka nikakiona. La pili ni ile mikono ya fedha. Asubuhi ukienda Kigongo na jua liko mgongoni, linapiga kwenye chuma na kukurudia machoni. Ningejua mapema wanauza pia yenye mikono myeusi, ningefikiria.

Lakini kwenye njia hiyohiyo ndipo nilipoupenda. Ukipita Usagara ukaingia Daraja la JPM, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, upepo wa ziwa unakupiga ubavuni na pua nyepesi ya MR2 inataka kusogea. Ule usukani wa zamani ulikuwa unateleza, nikawa naushika kwa kuukaba. Huu naushika kwa vidole, nasikia kila kiungio cha daraja kikipita, na nikirekebisha narekebisha kidogo tu. Kwenye mvua za Buhongwa hilo lina maana kubwa zaidi: gari lenye injini nyuma ya dereva likianza kuteleza nyuma halikupi muda, unatakiwa ujue mapema, na habari inafika kwa mikono kabla ya macho.

Sasa lile zito. Kuweka usukani huu ni kuuondoa mfuko wa hewa wa dereva. Hakuna adapta inayourudisha. Wauzaji hawalisemi, wanakwambia tu taa ya onyo ya mfuko huo kwenye dashibodi inazimwa kwa resista, kipande kidogo cha umeme. Taa kuzimwa si kinga kurudi. Mzee aliniuliza kabla ya kuanza nabeba nani na naenda wapi, nikamwambia niko peke yangu, mjini na Sengerema, mkanda nafunga siku zote. Hilo ni chaguo langu na nalibeba. Mwenye kusafiri usiku barabara ya Shinyanga kati ya mabasi na malori, namsihi aache usukani wa Toyota mahali pake, aupeleke kwa fundi wa kushona viti auvike ngozi mpya. Atapata nusu ya raha yangu kwa bei ndogo, na kifua chake kitabaki na kinga. Mfuko wangu nimeuhifadhi mahali pakavu penye kivuli, uso juu, kwa ajili ya siku nitakapoliuza gari.

Bei: usukani mpya ulinigharimu laki saba na nusu hadi kufika Mwanza, adapta laki na themanini. Mzee alitaka elfu arobaini, nikampa hamsini na wabeja (asante) zangu juu. Anafungua Jumatatu hadi Jumamosi, na akishaanza gari moja hapokei jingine mpaka alimalize, kwa hiyo nendeni asubuhi. Hauzi vifaa, adapta uende nayo mkononi, na aikague yeye kabla hujamlipa aliyekuuzia.