Fujifilm X-T2 kwenye M: uzoefu wangu kumbini

Napiga picha za harusi Dar es Salaam, na kamera yangu ya kazi ni Fujifilm X-T2, toleo la 2016, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nilivutiwa na vitufe vyake vya kuzungusha: shata (muda wa kuingiza mwanga) ina chake, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ina chake, apacha (tundu la kupitisha mwanga) iko kwenye pete ya lenzi (natumia 35mm f/2). Hata ikiwa imezimwa, ukiitazama tu unajua imepangwaje.

Utamu wa M (yaani manual: shata, apacha na ISO naziweka mwenyewe) uko ukumbini. Kipimamwanga hutaka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani, kwa hiyo ukiiachia kamera ijiamulie, shela jeupe linatoka kijivu, na bwana harusi mwenye suti nyeusi aliyesimama mbele ya pazia jeusi uso wake unaungua, yaani unatoka mweupe kupita kiasi. Kwa M napanga mara moja, na taa zisipobadilika sigusi kitu.

Naanza na apacha ya f/2.8 na shata ya 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukikimbilia 1/500 utashangaa picha moja ina mistari ya giza na nyingine haina. 1/100 haijaandikwa kwenye kitufe cha shata. Weka 125, kisha rudisha hatua moja kwa gurudumu dogo. Kinachobaki nakimalizia kwa ISO: 3200 bila kusita, 6400 kwa shingo upande.

Maharusi wakiingia kutoka juani, hakuna muda wa hesabu. Naweka ISO kwenye A (kamera ijichagulie), shata na apacha nazibakiza, na kitufe cha fidia ya mwanga nakipeleka +1 (picha iwe angavu zaidi) kwa ajili ya shela. Wapo wanaosema hiyo si M halisi. Sawa, ila wenye harusi hawajawahi kuniuliza.

Jambo la kuzoea ni flashi. Kwenye M, kioo kinakuonyesha picha itakavyotoka bila flashi, hivyo ukipunguza mwanga wa ukumbi unaona giza tii. Ingia kwenye menyu, zima onyesho hilo, na shata isizidi 1/250. Kufuli za vitufe hubonyezwa mara moja zikafunga au kufungua, na zinabaki hivyo. Ya shata naifunga, ya ISO naiacha wazi.