Bitana ya ala ya bastola: nilivyohama kutoka swedi hadi ngozi ya mbuzi

Naishi Mombasa na nina revolva ya kibali, yenye mtutu wa inchi 4. Chuma chake kimetiwa ile rangi ya buluu nyeusi ambayo huzuia kutu kidogo tu, na hewa ya pwani haimwonei huruma mtu. Kwa hiyo ala, au holsta kama wengi tunavyoiita, kwangu si pambo la kiunoni.

Ya kwanza niliinunua imeshatengenezwa. Duka silitaji. Ndani ilikuwa na bitana ya swedi, ile ngozi yenye vinyweleo, ukipenyeza kidole unahisi ulaini mtupu, na ni ulaini huo ulionifanya nitoe pesa. Masika haijaisha nikaona vidoa vya kutu ubavuni mwa bastola, pale pale inapolalia bitana. Vile vinyweleo vya swedi vinafyonza jasho na kuliweka, na vinashika mchanga, hata kila unapochomoa na kurudisha ni kama unapiga msasa. Isitoshe, swedi nyingi hutengenezwa kwa chumvi za kromu, na zikikutana na unyevu hazina urafiki na chuma.

Kutu ningeivumilia. Kilichoniogofya ni siku gundi ilipoachia mdomoni mwa ala. Nilikuwa narudisha bastola nikahisi kitu kinazuia. Nikaitoa, nikaondoa risasi, nikachungulia: bitana imejikunja na kuelekea palipo na triga. Ningesukuma kwa nguvu, kile kipande cha ngozi kingeweza kuivuta chenyewe. Tangu siku hiyo sikuivaa tena.

Safari ya Nairobi ilipotokea nikaipeleka Kariokor, sokoni kwenye mafundi wa ngozi. Bastola niliiacha nyumbani ndani ya sefu. Silaha haikabidhiwi mtu asiye na kibali, hata kama ni fundi na ni kwa saa moja. Badala yake nilikuwa nimemwomba seremala anichongee ya mti, vipimo vile vile, na hiyo ndiyo niliyompa fundi.

Alipoipapasa ile swedi akasema, "Mzee, hii inakunywa maji. Tutie ya mbuzi, uso wake laini uangalie ndani." Akanionyesha ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, si kwa kromu, unene kama milimita 1. Ngozi ya nje ya ala ina milimita 3 hivi, kwa hiyo jumla ni 4, na bado inakaa mkandani bila kufura kiunoni. Kwa mkono haina ule ulaini wa swedi. Lakini inateleza, ukipitisha kitambaa inafutika, na mchanga hauna pa kujificha.

Nilikaa kumtazama, maana nilitaka kujua kwa nini ile ya kwanza ilibanduka. Alifumua mshono mkuu, akaivua bitana ya zamani na kukwangua gundi yote mpaka ngozi ikaonekana. Akapaka gundi ya viatu pande zote mbili, akangoja kama dakika 15 hadi ikawa hainati kidoleni. Kisha jambo ambalo sikulijua: hakuibandika ala ikiwa imelala bapa. Aliikunja kwanza kama itakavyokaa, ndipo akaishusha bitana kidogo kidogo kutoka kwenye mkunjo kwenda nje. Upande wa ndani wa mkunjo ni mfupi kuliko wa nje; ukibandika bapa, siku ya kukunja bitana inajaa makunyanzi. Alikata bitana kubwa kuliko ala, akaipunguza baada ya gundi kushika. Mwisho akatoboa kwa msharasi katika matundu yale yale ya zamani, na mdomoni akashona mzunguko wote kwa uzi wenye nta, ili hata gundi ikichoka bitana isiende popote. Mshono huo wa mdomoni ndio ambao ala yangu ya dukani haikuwa nao kabisa.

Nililipa shilingi 2,800 na kungoja siku mbili. Ilikuja imebana mno. Nilivika ule mti kitambaa chembamba, nikauacha ndani usiku mmoja, ikatosha. Nikaiacha juma zima kivulini kabla ya kuivaa, mpaka harufu ya gundi ikaisha.

Sasa ni mwezi wa saba nikiivaa, msimu mzima wa mvua umepita juu yake. Bitana haijainuka, na bastola haina kidoa kipya. Kasoro ninayoiona ni mstari uliochimbwa na kile kinundu cha kulengea kilicho mbele ya mtutu. Ngozi nyembamba ya mbuzi inakwaruzika hapo, na nikitengenezesha nyingine nitaomba kiachwe kijia cha kukipitisha. Na usiku bado naitoa bastola, naifuta na mafuta kidogo, ala naitundika peke yake ipate hewa.