Picasa: Windows au Mac?

Google waliacha kuihudumia Picasa, programu yao ya kupanga na kurekebisha picha, mwaka 2016, lakini studio yetu hapa Kisumu bado inapangia picha za harusi humo. Kwenye Windows 10 haina neno: unasakinisha toleo la 3.9, inafunguka. Kupakia albamu mtandaoni tu ndiko kulikokufa.

Mac ndiyo kizungumkuti. Tangu Catalina, toleo la mfumo wa Mac la 2019, programu za biti 32 (za aina ya zamani) hazifunguki kabisa, na Picasa ni mojawapo. Labda uwe na Mac kuukuu.

Mimi ni wa Windows. Ila ukihamisha folda, beba na faili iliyofichwa ya .picasa.ini, ndiyo inayotunza marekebisho yako. Juzi niliisahau, picha za harusi ya Kondele zikarudi zilivyotoka kwenye kamera, macho mekundu na yote.