Vifaa vya kubadilishia sauti za gitaa jukwaani: kipi kinunuliwe kwanza

Mwaka jana nilipiga gitaa katika harusi moja hapa Tabora, mtaa wa Isevya, nikitumia kifaa cha efekti, yaani cha kubadilishia sauti ya gitaa kwa mguu, ambacho nilikuwa nimekisifia sana kwa wenzangu kwa sababu kilikuja na sauti zaidi ya mia moja. Wimbo ulipofika mahali ambapo waimbaji hunyamaza na sebene huanza, nilikanyaga ili nitoke kwenye sauti safi ya ridhim niende kwenye sauti ya solo yenye mwangwi, na kifaa kikanyamaza. Kimya chenyewe hakikuzidi nusu sekunde, lakini katika sebene nusu sekunde ni noti tatu au nne, na hizo ndizo zinazowanyanyua watu vitini. Mpiga besi alinitazama kama mtu aliyegongewa hodi, akafungua mlango, akakuta hakuna mtu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kifaa gani, swali langu la kwanza linahusu kinachotokea kati ya sauti moja na nyingine. Ule mpangilio wa sauti uliohifadhiwa ndani ya kifaa, ambao wapigaji wengi tunauita namba tu, ni mnyororo mzima wa efekti. Ukitoka namba 3 kwenda namba 4, kifaa cha kidijitali hulazimika kuuondoa mnyororo wa kwanza na kuupakia wa pili, na vifaa vingi huzima sauti kwa muda huo mfupi ili mlio mbaya usisikike. Mwangwi uliokuwa bado unalia hukatwa papo hapo, jambo ambalo katika wimbo wa taratibu husikika vibaya kuliko kimya chenyewe. Lakini ukibaki ndani ya namba moja, ukawasha au kuzima efekti iliyokwisha kupakiwa, kwa kawaida hakuna pengo la kusikika. Orodha ya vifaa ninayoitoa hapa imejengwa juu ya tofauti hiyo, kisha juu ya umeme wetu.

Shida hii haikuwasumbua sana wazee wetu. Katika bendi za dansi za enzi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, kazi ziligawanywa kati ya magitaa kadhaa, na kila gitaa likabaki na sauti yake. Leo kwaya au bendi ya harusi huwa na mpiga gitaa mmoja anayetarajiwa kuwa wote hao kwa pamoja, ndiyo maana miguu yake ina kazi nyingi.

Ninachokiweka nafasi ya kwanza ni kifaa cha efekti nyingi chenye makanyagio mengi, yaani swichi za mguu, na chenye namna ya kutumika kama pedali (visanduku vya efekti moja moja) zilizopangwa safu, kila kanyagio likiwasha efekti yake. Mfano mzuri ni Boss ME-80 ya mwaka 2014, ambayo leo mtu huipata zaidi ikiwa imetumika, au ndugu yake ME-90 iliyotoka mwaka 2023. ME-80 ina makanyagio manane na pedali ya mguu ya kuongozea volyumu au wawa (ile efekti inayolifanya gitaa lilie “wa-wa”), na virungu vyake vya kuzungusha viko juu, mahali mkono unapofika bila kuingia kwenye menyu. Ukiiweka katika hali ya pedali, unatoka ridhim kwenda solo kwa kuwasha ovadraivu (sauti yenye mkwaruzo) na dilei (mwangwi unaorudia noti) tu, na sauti yako ya msingi haiondoki. Kero yake ni kwamba mabadiliko ya efekti tatu yanadai kukanyaga mara tatu, kwa hiyo panga sauti zako ili hatua moja, au mbili kwa taabu, zitoshe. Huendeshwa pia na betri sita ndogo za AA, na kwa mtu anayepiga katika mikutano ya injili ya uwanjani, hilo lina thamani kuliko kioo kikubwa cha rangi.

Ninalisisitiza la betri kwa sababu kifaa cha kidijitali kinachotegemea adapta peke yake, umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, huanza upya kama simu iliyozimwa, na utasimama mbele ya watu ukisubiri kioo kiwake. Chenye betri kinaendelea pale kilipokuwa, ingawa bila spika hakuna wa kukisikia, na jenereta inapopokea wewe uko tayari.

Nafasi ya pili naipa Line 6 HX Stomp, na ningetazama mabadiliko ya sauti peke yake ningeipa ya kwanza bila kusita. Hiki huhifadhi ndani ya namba moja hali kadhaa tofauti: hali ya kwanza ni safi yenye korasi (efekti inayolifanya gitaa moja lisikike kama mawili), ya pili ina ovadraivu, ya tatu ina dilei na volyumu iliyoongezwa, na makanyagio yake matatu yanaweza kupewa kila moja hali yake. Kukanyaga mara moja hubadilisha efekti nne au tano kwa pamoja, na kwa kuwa zote zimepakiwa tangu mwanzo, mwangwi wa sauti uliyoiacha unaweza kufifia wenyewe huku sauti mpya ikiingia. Kinachokishusha ni bei, inayozidi mara mbili ya vifaa vidogo, na adapta yake ya volti 9 yenye ampea 3. Adapta ya namna hiyo ikifa siku ya Jumamosi, usitegemee kuipata mjini Tabora. Utapiga simu Kariakoo na kusubiri basi. Anayemudu kifaa hiki anunue adapta mbili siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni vifaa vidogo kama Boss GT-1 na Zoom G1X Four, ambavyo ndivyo vinavyonunuliwa zaidi na wanaoanza, na sivilaumu vifaa wala wanunuzi. Vyote viwili hutumia betri nne za AA, vina pedali ya mguu, na cha Zoom hukubali pia umeme wa waya wa USB, kwa hiyo pawabenki ya simu inatosha. Tatizo ni uchache wa makanyagio, ambao humsukuma mpigaji kubadilisha namba, yaani kurudi kwenye lile pengo la Isevya. Dawa ipo: GT-1 ina kanyagio la tatu lililoandikwa CTL1, na unaweza kulipangia liwashe efekti unayoitaka ndani ya namba hiyo hiyo. Tengeneza namba moja kwa kila wimbo, ubadilishe namba wimbo unapokwisha wakati watu wanapiga makofi, na ndani ya wimbo utumie CTL1 na pedali ya volyumu peke yake.

Ya nne ni pedali moja moja za kununua kidogo kidogo. Sauti zake ni tamu, na hazina pengo la kupakia kwa kuwa hakuna kinachopakiwa. Hata hivyo pedali zenye swichi inayokata kabisa mzunguko hutoa mlio wa “pa” zinapokanyagwa ikiwa kondensa, vipuri vya ndani vinavyotunza chaji, zinavujisha umeme, na zikizimwa hukata mwangwi. Kwa dilei, tafuta inayouacha mwangwi umalizike, kama Boss DD-8, ambayo ina swichi ndogo ya kuchagua jambo hilo. Sanduku la kuziunganisha pedali zote chini ya kanyagio moja, kama Boss ES-5 yenye nafasi tano, huondoa kukanyaga kwingi, ila ukijumlisha pedali, waya fupi na umeme wake, umekwisha kulipa bei ya HX Stomp. Programu za simu naziacha mwisho kabisa. Simu ikiita katikati ya pambio, utajieleza mwenyewe.

Kabla ya kulipa, chomeka gitaa, weka dilei ndefu, piga noti moja iliayo, kisha badilisha sauti noti ikiwa hewani, na usikilize kinachokufa. Angalia pia adapta: pedali nyingi za volti 9 hutaka hasi katikati ya plagi, wakati adapta za vinanda vingi vya kanisani zina chanya katikati na volti 12, na plagi huweza kuingia vizuri tu kabla kifaa hakijaungua. Ukifika nyumbani usipange volyumu za namba zako kwa hedifoni usiku. Nenda ukumbini mapema, fungua spika kwa kiwango cha shughuli, upandishe solo mpaka isikike juu ya ngoma na kinanda, kisha uhifadhi hapo hapo. Solo niliyoipanga chumbani kwangu Cheyo ilipotea kabisa chini ya kinanda mara mbili kabla sijaelewa kwamba kosa halikuwa la fundi mitambo.